Siku Walipokuja Kunililia Nikiwa Ndani

Ndoo za kunawia mikono ndizo zilizoanza kutoweka mtaani kwetu Chanika. Ile ya duka la dawa ilibaki na koki bila maji, kisha siku moja nikamwona mwenye duka akifulia nguo ndani yake. Barakoa zikashuka kidevuni, zikaingia mfukoni, zikaishia huko. Misikitini watu wakarudi kusimama bega kwa bega, harusi zikarudi na watu wake wote. Kila mtu alikuwa anamshukuru Mungu kwamba korona imepita. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la chumbani, nimemaliza dripu za awamu ya pili za saratani ya damu, na kwa mara ya kwanza tangu ule ugonjwa uingie nchini nilikuwa naogopa kwelikweli.

Nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi tu, ambaye bado umekaa kitandani na karatasi za vipimo hutaki hata kuzigusa. Mambo ya kitaalamu muulize daktari wako, mimi nikijaribu nitakupoteza. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa na mtu.

Nilianza kwa kuchoka. Nilikuwa nauza vitenge Manzese, na nikafika mahali nashindwa kukunjua jora moja mbele ya mteja bila kukaa. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa malaria tena. Fizi zikaanza kutoa damu nikipiga mswaki, na mapajani nikawa na madoa ya bluu ambayo mume wangu Hamisi aliyatazama kwa wasiwasi, maana majirani wangeweza kusema ananipiga. Hospitali kubwa ya mjini walinitoboa mfupa wa nyonga, wakachukua walichokitaka, wakaniambia nisubiri nje. Jina la ugonjwa nililisikia nikiwa nimeshika mkoba wangu kifuani kwa mikono miwili. Daktari alisema mengi, nikashika moja tu. Alisema dripu zitaua wabaya na wema pamoja, kwa hiyo mwili wangu utabaki mtupu bila kinga, na kikohozi cha mtu mwingine kinaweza kunimaliza. "Homa ikipanda," akasema, "usisubiri hata umalize chai. Njoo."

Kuhusu mwili, jiandae. Nywele zilibaki kwenye mto, na binti yangu Nasra ndiye aliyenimalizia zilizobaki kwa wembe, akijifanya anaimba. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukajaa vidonda, na uji ukawa na ladha ya msumari. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona marehemu baba yangu siku zake za mwisho, sura ile ile, na nikamwambia Nasra akigeuze kile kioo kitazame ukuta.

Kliniki ndiyo ilinitisha kuliko sindano. Wakati korona imepamba moto, viti vya kusubiria vilibandikwa alama za kuruka kiti kimoja kimoja. Sasa alama zilikuwa zimebanduliwa, watu wamebanana kwenye benchi, mmoja anapiga chafya, mwingine anacheka. Nikawa nasubiri nje, chini ya ngazi, nikiogopa jina langu litaitwa nisisikie. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kihindi, mfanyabiashara wa Kariakoo, Bwana Amirali, ambaye naye alikuwa na ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Alikuwa anakaa mlangoni kabisa na barakoa mbili.

"Mama Nasra, wewe kaa huko huko nje," akaniambia. "Mie nitapokea jina lako. Wakiita nitapiga kelele mpaka Posta wasikie."

Na alipiga kelele kweli, kliniki baada ya kliniki. Halafu kukaja kliniki ambayo kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine. Nilimwuliza nesi, akaniambia mzee alikwenda kwenye harusi ya mjukuu wake, maana sherehe zimeruhusiwa, akarudi na mafua. Nikauliza amelazwa wodi gani. Nesi akanitazama, akaniambia nikapimwe uzito.

Baada ya hapo nilifunga geti. Simaanishi kwa maneno, nilimtuma Hamisi akanunue kufuli. Sasa wewe unaijua hali ya kwetu. Mtu akiumwa anatembelewa. Wanakuja watano kwa mkupuo, wanakaa kitandani kwako, wanakushika mkono, wanakuombea usoni. Ukiwakatalia umewatukana. Hamisi hakuweza kumzuia mtu getini hata mmoja. Alikuwa anatoka na ufunguo, anarudi na wageni.

Mtu aliyeweza ni jirani yetu Mama Komba. Sisi ni Wamwera wa Lindi, yeye ni Mngoni wa Songea, na Mngoni na Mmwera ni watani tangu enzi za vita vya mababu. Mtani anakwambia lolote na huruhusiwi kununa. Akaleta kigoda chake, akakiweka getini kwetu akichambua mchicha, na kila mgeni akakutana naye.

"Mnakwenda wapi? Yule Mmwera ana deni langu, haoni mtu mpaka alipe. Babu yangu alimkimbiza babu yake mpaka akaacha msuli njiani, seuze nyie na ndizi zenu. Leteni hizo ndizi. Haya, shikamooni, kwaherini."

Watu walicheka, wakaacha ndizi, wakaondoka bila kinyongo. Nilikuwa nawasikia kutoka chumbani na kumwombea yule mwanamke maisha marefu.

Mtu mmoja tu hakuchekeshwa, mama yangu mzazi. Anaishi Manzese kwa kaka yangu, nyumba ya vyumba vingi na wapangaji wengi, na hakuna msiba unaompita. Akisikia turubai limefungwa popote, iwe Mbagala iwe Mbweni, anafunga kanga anakwenda. Isitoshe ana kikohozi cha miaka, cha moshi wa jiko la mkaa, ambacho hakuna anayejua lini ni kile cha zamani na lini ni kipya. Nilimwambia kwa simu asije mpaka dripu ziishe.

"Mie nimekuzaa," akasema. "Leo unanipunga kama nzi?"

"Mama, daktari ndiye kasema."

"Huyo daktari hana mama?"

Akakata simu. Kuanzia hapo alipiga kila asubuhi, anauliza nimekula nini, na anakata kabla sijamwuliza hali yake. Nilikuwa nalia nikishaweka simu chini, kisha namkasirikia, kisha nalia tena.

Masika yakiwa yanakaribia, mama mkwe akapiga simu kutoka Lindi. Amesikia korona imekwisha na mabasi yanajaza, kwa hiyo anakuja kuniona na ndugu. Hamisi akajibu, "Sawa mama, karibuni." Nilimrushia mto.

"Nimwambie nini, Zuhura? Yule ni mama yangu."

"Mwambie nitakufa."

"Nikimwambia utakufa ndiyo atakuja mbio!"

Tulinuniana mpaka jioni. Kisha Hamisi akaja na wazo, na nakiri nililisifu. Tukodishe turubai na viti, wageni wakae nje uwanjani, upepo unapita. Mimi nikae dirishani na barakoa yangu. Watanisalimu, watanitazama, watakula, watarudi kwao wameridhika. Hakuna atakayekanyaga ndani. Nilimwambia Hamisi kwamba siku hizi ana akili.

Wageni walikuwa wafike Jumamosi. Ijumaa asubuhi vijana wa maturubai wakaja, wakasimamisha nguzo, wakavuta kamba, wakapanga viti vya plastiki kwa mistari, wakaondoka. Hamisi akaenda kupeleka mchanga kwa mteja na kirikuu chake, kile kigari chake cha mizigo. Mama Komba akaja na sufuria kubwa, akawasha kuni upande wa nyuma aanze kuchemsha nyama ya kesho. Nasra akakaa karibu na uwanja akikata vitunguu vya pilau, machozi yanamtoka, anayafuta kwa ncha ya kanga.

Sasa simama barabarani, uangalie unachokiona. Nyumba ya mgonjwa aliyefungiwa miezi. Turubai. Viti. Hakuna muziki, hakuna mapambo ya harusi. Moshi wa kuni. Binti wa nyumba analia. Wewe ungesema nini? Mwanamke mmoja anayetoka sokoni hakuuliza, nani anauliza swali kama hilo? Alishika kichwa, akaandika kwenye kundi la simu la mtaa, na baada ya muda mfupi Chanika nzima ilikuwa inajua kwamba nimefariki.

Mimi nilikuwa nakunywa uji. Nikasikia mwanamke anapiga yowe, nikasema maskini, kwa nani tena? Yowe la pili likaja na jina langu. "Zuhura weee! Umetuacha, Zuhura!" Kijiko kikanitoka. Ninakwambia ukweli, kwa kitambo kidogo nilijigusa mkono kuhakikisha. Ukishaishi miezi na kifo mle ndani, ukisikia umekufa huoni cha ajabu.

Kisha hofu yenyewe ikaja, nayo haikuwa ya kifo kile cha kuzushiwa. Wanawake msibani hawakai uwanjani. Wanaingia ndani, wanakaa chini kwenye mikeka, wamebanana, wanaimba, wanalia, wanafutana machozi. Nikasikia viatu vinavuliwa barazani.

"Hajafa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Komba, anakuja mbio kutoka jikoni. "Hajafa nyie! Yumo ndani anakunywa uji!"

Wakacheka. Katikati ya kilio, wakacheka. Maana mtani msibani ndivyo asemavyo, marehemu kalala tu, marehemu anatoroka madeni, marehemu yumo ndani anakunywa uji. Mmoja akasema, "Watani bwana, hata leo!" Mama Komba akaapa kwa Mungu na kwa Bikira Maria. Wakacheka na kulia zaidi. Nasra naye alikuwa anapiga kelele kwamba mama yuko hai, na wakamkumbatia, wakamwambia ajikaze, kila mtoto husema hivyo mwanzoni.

Mama Komba akaona ukweli haumsaidii kitu. Akanyofoa dera langu kwenye kamba ya nguo, akalivaa juu ya nguo zake, akafunga kitambaa kichwani nilivyokuwa nafunga mimi, akavuta barakoa. Mtani ana haki ya kumwigiza marehemu. Akatembea mbele yao nilivyokuwa natembea tangu nianze dripu, mkono kiunoni, hatua fupi fupi, na akatoa sauti yangu hasa, ile ya ukali.

"Wee! Simama hapo hapo! Umenawa wewe? Barakoa yako iko wapi? Rudi nyuma, rudi, huko kwenye mti! Unakohoa? Kakohoe kwenu!"

Wakaangua kicheko, na huku wanacheka wanarudi nyuma, maana mtani akiamrisha msibani unamfuata. Akawasukuma hivyo mpaka chini ya turubai, kisha akalala chali kizingitini na dera langu. "Anayetaka kuingia anikanyage!"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Najua alikuwa ananiokoa. Lakini niliumia, sina sababu ya kukuficha. Kumbe hivyo ndivyo nilivyokuwa. Kumbe ningekufa siku ile, watu wangenikumbuka kwa kufukuza watu. Nilikuwa mtu wa kucheka mimi, wateja wangu Manzese wanajua.

Nikavaa barakoa, nikafungua dirisha, nikaita. Hakuna aliyesikia. Nikachukua kijiko nikagonga nondo za dirisha kwa nguvu zangu zote, na wa kwanza aliyegeuka alikuwa yule yule aliyeandika kwenye simu. Alinitazama, akakimbia, akaacha kandambili zake. Mmoja kati ya waliobaki akaanza kupiga vigelegele.

Wakati huo huo mlango wa nyuma ulifunguliwa.

Mama alikuwa Pugu, kwenye msiba wa watu. Alikuwa amelala pale siku kadhaa, ndani, kwenye mikeka, na wanawake wa kila upande. Kaka alimpigia simu kumpa habari zangu. Akapanda bodaboda na kuja moja kwa moja, na kwa kuwa anaijua nyumba yangu hakupita mbele kwenye watu, alipita jikoni. Akaingia chumbani kuja kuuona mwili wangu, na mwili wangu ukageuka dirishani ukamtazama.

Alinirukia. Alinishika kichwa changu kisicho na nywele, akanibana shingoni kwake, na alikuwa ananuka udi na jasho na vumbi la barabara. Tulikuwa hatujagusana tangu nifunge geti. Akalia kwa kifua chote, na kile kilio kikamletea kikohozi, akakohoa shingoni kwangu, akakohoa tena. Nilikuwa na nguvu za kumsukuma. Sikumsukuma. Nilichofanya ni kubana pumzi. Mama yangu ananikumbatia akiamini nimefufuliwa, na mimi nimebana pumzi, naomba amalize kabla kifua changu hakijashindwa. Kikashindwa.

Mama Komba ndiye aliyemtoa, kwa upole, bila utani wowote.

Kesho yake wakwe walifika. Walikaa chini ya turubai kama tulivyopanga, mama mkwe akanipungia mkono akalia, akaacha korosho ambazo sikuweza kuzitafuna kwa vidonda vya mdomo. Kila kitu kilikwenda sawa, na sikumbuki neno hata moja walilosema. Nilikuwa na kipima joto kwapani. Nikalala nacho, nikaamka nacho. Nilikuwa najipima nikiwa nimetoka kujipima. Hamisi alikificha, nikamtukana mpaka akakirudisha.

Homa ilikuja siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa jikoni. Ilianza kwa baridi mgongoni. Sikumaliza chai. Hamisi alinipakia kwenye kirikuu, vioo vyote chini, mvua za kwanza za masika zinatupiga usoni, na njia nzima alikuwa anasema "bado kidogo, bado kidogo" hata tukiwa bado tuko mbali kabisa. Walinilaza chumba cha peke yangu. Dripu mkono huu, damu ya kuongezewa mkono ule, mpira wa hewa puani. Sitakueleza sana zile siku kwa sababu nyingi sina. Nilizo nazo ni za hofu tupu. Nilikuwa naogopa kulala, nikilala naogopa kuamka nikiwa siwezi kuvuta pumzi. Nilimwogopa mfagiaji. Kulikuwa na nesi mmoja aliyekuwa akiingia ananigusa kidole gumba cha mguu kupitia shuka, kila mara, kunijulisha tu kwamba kuna mtu. Sikuwahi kuuona uso wake.

Mama Komba alinitumia ujumbe wa sauti. "Mmwera, pilau la msiba wako tumeshalila, sasa ukifa tena hatupiki." Nikacheka mpaka nesi akaja kuangalia mashine.

Mama hakutuma chochote. Hakupiga tena asubuhi. Nilipomwuliza Nasra, akaniambia bibi amekaa chumbani kwake Manzese hatoki, anasema amemuua mwanawe kwa mikono yake.

Nilimwuliza daktari moja kwa moja kama ni mama. Akasema haijulikani. Inaweza kutoka popote, akasema, hata kwenye vidonda vya mdomo wangu mwenyewe. Nikaomba aniandikie hivyo, akacheka akadhani natania. Nilimpigia mama nikamwambia maneno ya daktari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu," na nikajua hajaamini.

Nilitoka masika yakiwa yanaisha. Awamu zilizobaki zikafuata, moja baada ya nyingine, na kipupwe kilipoingia daktari alisema damu yangu kwa sasa ni safi. Alisema "kwa sasa", na wewe ukifika hapo utayasikia hayo maneno mawili kuliko mengine yote. Naendelea kupimwa. Nikiona doa la bluu mguuni bado nakaa chini. Akaniruhusu kupokea mtu mmoja mmoja, asiyeumwa.

Nikampigia mama. Alikuja na Hamisi kwenye kirikuu, na hakushuka mpaka nilipotoka barazani. Kaka alikuwa ameniambia, lakini sikuwa nimeelewa mpaka nilipomwona. Tangu siku ile mama hakwenda msiba wowote. Hata rafiki yake wa utotoni alipozikwa, hakwenda. Manzese wanamwona ana maringo. Alikuwa amekonda. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na alikuja na chupa yake ya maji na kipande cha sabuni, akanawa mikono pale getini mpaka maji yakaisha. Kisha akasimama, hakuvuka.

"Nakusalimia hapa hapa, mwanangu. Nimekuona, yatosha."

"Shikamoo mama. Ingia."

"Marahaba. Hapana. Hapa pananitosha."

Nikashuka barazani, nikavuka uwanja. Akaanza kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa geti. Nikamkumbatia. Mikono yake ikabaki inaning'inia, haijui imeruhusiwa nini, na uso wake akaugeuza upande wa barabara. Kifua chake kilikuwa hakiendi wala hakirudi. Alikuwa amebana pumzi.

"Pumua, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Pumua."

Akapumua. Na mimi nikaweka sikio langu pale pale kifuani kwake, nikasikiliza.